Suala Kutoka Manyatta: Chombo cha Kusikilizia na Haki ya Sikio

Ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa ambaye makao yake sasa ni Manyatta, katika kaunti ya Embu, ametuandikia barua ndefu na kututaka jawabu. Asema kuwa amestaafu ualimu, amepokea malipo yake ya mkupuo, na umri wake umepita miaka sitini. Mpwawe aliyeko Marekani amemletea sahani ishirini za sauti, za aina iitwayo SACD, na sasa amemtafutia chombo kilichokwisha kutumika cha kuzichezea. Bei ya chombo hicho, pamoja na usafiri na ushuru wa forodha, itakula sehemu kubwa ya malipo yale. Amesoma maelezo ya mafundi, amelinganisha SACD na DVD-Audio, na kila asomapo huzidi kutatizika. Mkewe, asema, amemwambia neno moja tu: "Unataka kununua kitu usichokisikia, na jikoni paa lavuja." Basi atuuliza mambo mawili: Chombo kipi ni bora? Na je, kukinunua ni israfu?

Twamshukuru ndugu yetu kwa kuuliza kabla ya kununua, kwani wengi wetu hununua kwanza kisha wakatafuta fatwa ya kuwapoza moyo. Na suala lake si dogo kama litakavyodhaniwa na wepesi wa kucheka. Leo hakuna nyumba, iwe Mvita, Lamu, Unguja au huko Manyatta chini ya Mlima Kenya, isiyoingiwa na vyombo vinavyouzwa kwa namba zilizoandikwa ubavuni. Simu yasifiwa kwa namba, televisheni kwa namba, spika kwa namba. Mnunuzi huona namba kubwa akadhani ameona ubora. Kwa hivyo atakayejua hukumu ya chombo cha ndugu yetu atakuwa amejua na hukumu ya vingi vilivyomo chumbani mwake mwenyewe.

Kwanza tuondoe shaka moja. Chombo cha sauti, kwa dhati yake, si haramu. Mashine za kunasa sauti zilipoingia katika nchi za Waislamu, wanazuoni waliulizwa: Je, yafaa Qur'ani kusikilizwa kutoka katika mashine? Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuja kuwa Mufti wa Misri, aliandika risala juu ya mashine hiyo mwaka 1906. Mjadala ulikuwa mkali, wallakini wengi wao walituama juu ya msingi ulio wazi, kuwa chombo ni chombo tu, na hukumu yake yafuata kile kipitishwacho ndani yake na adabu ya mwenye kukisikiliza. Na mwaka 1961 Misri ilipotoa kisomo cha Qur'ani nzima cha Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary, kilichonaswa kwa ajili ya kuhifadhi kisomo sahihi, mashine ile ile iliyotiliwa shaka ikawa khadimu wa elimu. Ama katika nyimbo, zipi zafaa na zipi hazifai, wanazuoni wamehitilafiana tangu kale, na suala la ndugu yetu haliko hapo. Yeye auliza juu ya mali, na juu ya sikio.

Sasa tuitazame kazi ya vyombo hivi, kwani hukumu juu ya jambo ni tanzu ya kulijua lilivyo. Sahani ya CD, iliyotokea mwaka 1982 kwa kazi ya Sony na Philips, haina sauti ndani yake, ina namba. Fundi huipima sauti mara 44,100 katika kila sekunde moja, na kila kipimo hukiandika kwa biti 16, yaani kwa ngazi 65,536 kutoka chini hadi juu. Mfano wake ni mtu apimaye kina cha maji bandarini: kadiri apimavyo mara nyingi, na kadiri kamba yake ilivyo na alama nyingi, ndivyo ramani yake ikaribiavyo ukweli.

Mwaka 1999 makampuni yale yale mawili yakaleta SACD. Hii yapima sauti mara 2,822,400 kwa sekunde, yaani mara 64 ya CD, ila kila kipimo ni cha biti moja tu. Mwaka uliofuata ikatoka mshindani wake, DVD-Audio, iwezayo kupima hadi mara 192,000 kwa sekunde kwa biti 24, yaani ngazi zaidi ya milioni 16. Mashine ya kwanza ya SACD, Sony SCD-1, ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 25, na huko Marekani bei yake ilikuwa karibu dola 5,000. Mtu aliyesoma namba hizi peke yake angesema kuwa CD ni kibatari na hizi ni jua.

Wallakini namba ni za chombo, na mwenye kusikia ni mtu. Sikio la mwanadamu aliye kijana na mzima husikia mitetemo tangu 20 hadi kiasi cha 20,000 kwa sekunde. Juu ya hapo ni milki ya popo na mbwa. Na hesabu ya elimu hii yasema kuwa ukipima mara mbili na zaidi kidogo ya mtetemo wa juu kabisa uutakao, umeupata wote bila kupungukiwa. Kwa hivyo CD, kwa vipimo vyake 44,100, yabeba mitetemo hadi kama 22,000, na hilo ni zaidi ya kile sikio liwezacho kupokea. Zaidi ya hayo, sikio huzeeka kama jicho lizeekavyo. Wengi wafikapo miaka sitini hawasikii vyema kitu kilicho juu ya 12,000. Ndugu yetu ataka kulipia ghorofa ya juu ilhali ngazi yake imekoma ghorofa ya chini, wala si kwa kosa lake, bali ndivyo tulivyoumbwa.

Na katika upole na ukali wa sauti ni vivyo hivyo. Biti 16 zatoa nafasi ya desibeli 96 hivi baina ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa. Nyumba tulivu haikosi mnong'ono wake wa desibeli 30: upepo, jokofu, jirani akiita watoto. Basi ili kuisikia sauti ndogo ya CD juu ya mnong'ono ule, sauti yake kubwa yapaswa kufika desibeli 126, na hicho ni kiwango kiumizacho sikio na kulidhuru. Ikiwa hatuwezi kuimaliza nafasi ya CD pasi na kujiumiza, tutaifanya nini nafasi kubwa kuliko hiyo? Na mvua za masika na za vuli zikianza kupiga mabati huko Manyatta, SACD na redio ya mkulima huwa daraja moja.

Huenda mtu akasema: "Hayo ni ya vitabuni. Waliosikia SACD wameshuhudia kuwa ni nzuri zaidi." Hoja hii yastahiki jawabu la insafu, wala si la kejeli. Watafiti wawili wa Marekani, Meyer na Moran, walitoa matokeo yao mwaka 2007. Waliwasikilizisha watu sahani za SACD na DVD-Audio kwa vyombo vizuri, mara sauti ikipita kamili, mara ikipitishwa kwanza katika kipimo cha CD, bila msikilizaji kuambiwa ni ipi. Katika majaribio 554 waliobainisha sawasawa walikuwa 276, yaani sawa na mtu arushaye sarafu. Kisha mwaka 2016 Joshua Reiss wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, alikusanya tafiti 18 na kuzichanganua pamoja. Akapata kuwa watu walibainisha kwa kiasi cha asilimia 52.3, na kwamba waliofundishwa sana walizidi hapo. Basi insafu yatutaka tuseme: tofauti huenda ipo, lakini ni nyembamba mno, na huionja zaidi aliyefunzwa kuiwinda. Haiwi jua kwa kibatari, wala haikaribii.

Mbona basi watu wengi, nao si waongo, wameshuhudia uzuri katika sahani hizi? Hapa pana mafunzo makubwa kuliko yote. Meyer na Moran wenyewe waliona kuwa sahani nyingi za SACD na DVD-Audio zasikika vizuri kuliko CD za kawaida. Sababu yake ni kuwa mafundi walizitengeneza kwa uangalifu zaidi, wakijua kuwa atakayezinunua ni mtu asikilizaye. CD za sokoni, kwa upande wa pili, kwa miaka mingi zimekuwa zikikandamizwa ili zipige kelele kuliko za mshindani, hata sauti ndogo na sauti kubwa zikawa kimo kimoja. Uzuri ule, kwa hivyo, ulitoka katika amana ya fundi, na namba ikachukua sifa isiyokuwa yake. Fundi mwaminifu kwa chombo duni hukupa sauti ya kweli, na fundi mhaini kwa chombo bora hukupa kelele iliyopimwa kwa usahihi. Nani kati yetu hakuliona hili katika biashara, katika ujenzi, na hata katika madrasa? Tumezoea kununua vifaa ili vituponye na upungufu wa amana, navyo havituponyi.

Na historia ya pwani yetu yashuhudia. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenziwe walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kunasa sauti zao kwa kampuni ya His Master's Voice. Sahani za zama zile zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulichukua kama dakika tatu tu, hata wimbo uliozoeleka kuendelea usiku kucha ulilazimika kukatwa. Sindano ilikwaruza, na mitetemo ya juu haikufika. Walakini watu walizisikiliza, wakazihifadhi maneno yake, wakayajadili. Vivyo hivyo kanda za kaseti za Zein l'Abdin na Juma Bhalo zilinakiliwa Mombasa, nakala juu ya nakala, na mvumo wa ukanda ukizidi kila mara, na watu wakazijua beti kwa moyo. Sisi leo tuna vyombo ambavyo wao hawakuviota. Je, twasikiliza kama walivyosikiliza? Mtu hutia sauti ya thamani kuu sebuleni, kisha akashika simu, akazungumza na wageni, akatoka nje, na chombo chaendelea kuzungumza na viti.

Lugha ya Kiarabu imetofautisha daraja tatu ambazo wanazuoni wetu huzitaja: kusikia, nako ni sauti kuingia sikioni upende usipende, kusikiliza, nako ni kuelekeza moyo, na kunyamaza kwa ajili ya kusikiliza, ambayo ndiyo adabu iliyo juu. Imam al-Ghazali ana kitabu kizima katika Ihya chenye kushughulika na adabu za usikivu. Duka huuza daraja ya kwanza tu. Ya pili na ya tatu hazina duka; hununuliwa kwa wakati, na kwa ukimya, na kwa nafsi kutulia. Mwenye hizo mbili hufaidika na redio ndogo. Asiye nazo, chombo cha dola 5,000 hakimfai.

Sasa tufike katika hukumu. Wanazuoni wa usuli, miongoni mwao al-Ghazali na baadaye al-Shatibi, wamezigawa maslahi za watu mafungu matatu: dharura, ambazo maisha hayasimami bila yao, haja, ambazo bila yao pana dhiki, na tahsini, nazo ni mapambo na ukamilifu. Chombo cha ndugu yetu ni tahsini, wala tahsini si aibu. Dini yetu haikuwakataza watu uzuri, na mzee aliyefundisha watoto wa watu maisha yake yote ana haki ya kustarehe jioni kwa sauti njema. Hatuko pamoja na wale waonao kila starehe kuwa dhambi. Sharti ni kuwa tahsini isiivunje haja, kama vile haja isivyoivunja dharura. Paa la jikoni livujalo ni haja. Na haki ya mke katika makao yaliyo salama haipunguzwi na mapenzi ya mume kwa sauti, hata ziwe ni sauti za visomo. Mama yule amesema kwa sentensi moja yale tuliyohitaji kurasa kuyaeleza, na twamsalimia kwa akili yake.

Ama israfu si kutoa mali nyingi tu. Mtu aweza kutoa nyingi asiwe msarifu, na aweza kutoa kidogo akawa. Israfu ni kutoa katika kisichorudisha nafuu kwa kadiri ya kilichotolewa. Basi mwenye kuuliza na ajipime kwa maswali matatu. Sikio langu litaipokea tofauti nitakayoilipia? Haki za walio chini ya mikono yangu zimetimia? Na nikijua kuwa hapana mgeni hata mmoja atakayekiona chombo hiki, je, nitakitaka bado? Swali la tatu ndilo kali zaidi, kwa sababu vitu vingi tusemavyo kuwa vya sikio vimenunuliwa kwa ajili ya jicho, na jicho lenyewe si letu, ni la jirani. Akiyajibu yote matatu kwa ndiyo, na anunue, wala asisumbuliwe na mtu. Akijibu moja kwa la, na angoje.

Lakini katika barua ya ndugu yetu mna jambo alilolitaja kwa kupita tu, mwishoni, nasi twaliona kuwa ndilo kubwa. Asema kuwa chini ya kitanda chake pana sanduku la kaseti: darsa za tafsiri za marehemu babake, zilizonaswa Mombasa katika miezi ya Ramadhani ya miaka ya 1970, na kaseti mbili za marehemu mamake akisoma tenzi. Asema hana tena mashine nzima ya kuzichezea, na ya mwisho aliyokuwa nayo ilitafuna ukanda. Aliandika hayo ili kutuonyesha kuwa apenda sauti tangu zamani. Sisi tuliyasoma tukashtuka.

Wahenga wamesema akiba haiozi. Wallakini akiba ya ukanda huoza. Ukanda wa kaseti ni utepe mwembamba wa plastiki uliopakwa unga wa sumaku kwa gundi. Joto na unyevu huilegeza gundi, kuvu huingia, utepe hujikunja au kushikamana, na mashine za kuucheza zazidi kuadimika, na mafundi wa kuzitengeneza nao pia. Zile sahani ishirini kutoka Marekani zimechapishwa kwa maelfu. Zikiungua leo, kesho zaweza kununuliwa tena. Sauti ya babake ikifasiri, na sauti ya mamake akivuta beti, hazina nakala ya pili duniani. Atakayetumia malipo ya uzeeni kusikia kwa ufasaha zaidi kile ambacho kila mtu anacho, akaacha kipotee kile ambacho ni yeye peke yake anacho, huyo amegeuza mizani juu chini. Na ikiwa darsa zile zina elimu, basi si mali yake peke yake. Ni amana ya wanafunzi wa babake na ya wajukuu ambao hawakumwona.

Na hapa, kwa ajabu ya mambo, zile namba kubwa tulizozipunguza zarudi kudai haki yao. Wenye kuhifadhi sauti, katika maktaba na nyaraka za dunia, hawanakili kanda kwa kipimo cha CD. Jumuiya ya kimataifa ya wahifadhi wa sauti, IASA, imeelekeza kuwa kanda za zamani zinakiliwe kwa biti 24 na vipimo visivyopungua 48,000 kwa sekunde, na wengi hutumia 96,000. Sababu yake ni kuwa mhifadhi hasikilizi tu. Yeye atapunguza mvumo, ataongeza sauti iliyofifia, na baada ya miaka atakuja mwingine mwenye ujuzi zaidi ataifanyia kazi upya. Na kila kazi hula kitu, basi yahitajiwa nafasi ya kuliwa. Ni kama fundi cherehani akatapo kanzu kwa kuacha upindo: mvaaji hauoni upindo, lakini siku ya kurekebisha kanzu ndio huiokoa. Kwa hivyo twasema: wingi wa namba una mahali pake kwa mwenye kuhifadhi, na kwa mwenye kusikiliza hauna nafuu ila chembe. Ndugu yetu alikuwa akipeleka kitu kizuri mahali pasipokuwa pake.

Basi hili ndilo shauri letu, kwa mpango, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwanza, paa la jikoni, kabla ya mvua.

Pili, kanda. Atafute fundi mwenye mashine nzima ya kaseti, iliyosafishwa vichwa vyake, na kompyuta yenye kinasa cha biti 24. Kazi ifanywe mbele yake, ukanda mmoja mmoja, wala zisipelekwe zote kwa pamoja. Nakala ziwe tatu, katika mahali patatu: moja Manyatta, moja kwa jamaa Mombasa, moja kwa yule mpwa aliyeko Marekani. Kila nakala iandikwe jina la msemaji, mwaka, na mahali, maana sauti isiyo na jina ni yatima. Na kanda zenyewe zisitupwe.

Tatu, sahani zile ishirini. Azitazame ubavuni. Sahani nyingi za SACD ni za tabaka mbili, na tabaka moja ni CD ya kawaida, ambayo chombo chochote cha CD chaisoma. Zikiwa hivyo, aweza kuzisikiliza leo hii, kwa uangalifu wote ambao mafundi walizitengeneza kwao, wala hatapungukiwa na kitu atakachokijua.

Nne, akibaki na fedha, azitie katika spika na katika chumba, kwani hapo ndipo tofauti husikiwa na kila mtu hata asiyefunzwa. Spika mbili njema, zimewekwa mbali na ukuta na kwa kimo cha sikio, na zulia na pazia nzito za kuzuia mwangwi, hufanya kazi ambayo hakuna sahani iwezayo kuifanya.

Tano, akiona baada ya hayo yote kuwa moyo bado wataka SACD, basi achague chombo kisomacho aina zote, ili asifungwe na moja. DVD-Audio imekwisha kuachwa na watengenezaji wa sahani zamani, na mara nyingi hutaka televisheni iwashwe ndipo uchague cha kusikiliza. Oppo, waliosifiwa kwa vyombo vya kusoma SACD na DVD-Audio pamoja, walitangaza mwaka 2018 kuwa waacha kuvitengeneza. Kwa hivyo aangalie kama vipuri vyapatikana. Na ajue kuwa hata PlayStation 3 za mwanzo kabisa, chombo cha watoto cha kuchezea, zilisoma SACD, kisha zilizofuata zikaondolewa uwezo huo. Basi bei kubwa si dalili ya lazima. Tena asisahau umeme: chombo cha Marekani hutaka volti 120 na cha Japani 100, na Kenya ni 240. Asipoweka kibadilisha umeme kinachofaa, atasikia sauti moja tu, nayo ni ya kuungua.

Huenda baadhi ya wasomaji wakasema kuwa tumemnyima mzee furaha yake. Sivyo. Tumemhamishia furaha kutoka chombo kisichofika bado hadi sanduku lililo chini ya kitanda chake. Na siku kaseti ya kwanza itakapofufuka, sauti ya babake ikatoka na mvumo wake na mikwaruzo yake, na pengine na muadhini wa mtaa akisikika kwa mbali na watoto wakipiga kelele nje ya dirisha, hataiuliza sauti ile ina biti ngapi. Atanyamaza, na walio pamoja naye watanyamaza, na daraja ya tatu ya usikivu itakuwa imepatikana katika nyumba ya Manyatta bila ya kununuliwa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu babake na mamake, na atupe sote masikio yenye kunufaika na kile yasikiacho. Na Yeye ndiye ajuaye zaidi.